Viwanja vya sekondari zetu vinakwenda wapi? Swali la kujibu kabla ya Januari 2028

Ukifika msimu wa UMISSETA, sisi wa redioni kazi yetu ni kusoma matokeo. Shule hii imeifunga ile mabao mawili kwa moja, timu ya mpira wa pete ya kata fulani imetinga nusu fainali, kikosi cha wilaya kimeitwa kambini. Jambo moja hatulisomi hewani: timu hizo zilifanya mazoezi wapi.

Kwa sekondari za serikali zisizo chache katika Manispaa ya Bukoba na Wilaya ya Muleba, jibu ni kwamba walifanya mazoezi kwa watu. Wengine walikwenda kwenye uwanja wa shule ya msingi ya jirani, wengine uwanja wa parokia, wengine uwanja wa kijiji ambao siku ya gulio hufunikwa na maturubai. Wapo pia waliokimbia barabarani, pikipiki zikiwapitia pembeni.

Makala hii inaeleza kwa nini shule ya serikali yenye wanafunzi mamia inakosa mahali pa kuchezea mpira, sheria inasema nini kuhusu ardhi ya shule, na kwa nini jambo hili linatakiwa kushughulikiwa sasa, kabla hatujafika Januari 2028.

Tunazungumzia ardhi kiasi gani?

Tuanze na vipimo, kwa sababu watu wengi wakisikia neno uwanja wanafikiria Kaitaba.

Sheria za mpira wa miguu zinaruhusu uwanja wenye urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90. Ule mdogo kabisa unaokubalika, mita 90 kwa 45, una mita za mraba 4,050. Hiyo ni ekari moja. Uwanja wa kiwango cha mechi za kimataifa, tuseme mita 100 kwa 64, unakula ekari moja na nusu na kidogo, bado hujaweka nafasi ya watu kusimama pembeni. Njia ya riadha ya mita 400 yenye mistari minane inahitaji takriban ekari nne.

Michezo mingine haihitaji eneo kubwa hivyo. Mpira wa pete unachezwa kwenye mita 30.5 kwa 15.25. Mpira wa wavu ni mita 18 kwa 9. Mpira wa mikono ni mita 40 kwa 20, na mpira wa kikapu ni mita 28 kwa 15. Jumlisha vyote vinne: havifiki nusu ekari kwa vipimo vya mistari, na ukiongeza nafasi za kuzunguka bado utabaki ndani ya ekari moja.

Weka hesabu hiyo akilini, maana inabadilisha mjadala. Mara nyingi tunaambiwa shule haina ardhi. Ni kweli kwamba zipo shule zisizokuwa na ekari mbili za mpira wa miguu. Shule isiyoweza kupata hata ekari moja ya michezo minne ya pete, wavu, mikono na kikapu ni nadra zaidi. Hapo ndipo swali linahama. Linaacha kuuliza ardhi ipo au haipo, linauliza ardhi iliyokuwepo ilipangwa na nani, na iliandikwa wapi.

Mlima, kibanja na rweya

Kila mkoa una jiografia yake, na ya kwetu ina mchango katika tatizo hili.

Mji wa Bukoba umekaa kwenye kipande cha tambarare kando ya Ziwa Victoria, vilima vimeuzunguka. Ukitoka katikati ya mji kuelekea kata kama Kibeta, Ijuganyondo au Kitendaguro, unaanza kupanda na unaingia kwenye migomba. Ardhi tambarare ni chache, na mahali penye tambarare pameshajengwa. Uwanja wa mpira hauwezi kuwekwa kwenye mteremko bila kuchonga mlima, na kuchonga mlima kunataka greda na mafuta, vitu ambavyo shule ya kata haina.

Halafu kuna kibanja. Kwa Wahaya, kibanja ni zaidi ya shamba la migomba na kahawa. Ndipo ilipo nyumba, ndipo walipozikwa wazee, na hurithishwa ndani ya ukoo. Kumwambia mtu apunguze kibanja ili shule ipanue uwanja ni kumwomba atoe kitu ambacho hata ndugu zake hawakubali kirahisi kitoke.

Zamani jibu lilikuwa rweya, yale maeneo ya wazi ya nyasi yaliyokuwa nje ya vibanja. Huko watu walichunga ng'ombe na kukata nyasi za kuezekea na za kutandika nyumbani. Watoto nao walichezea huko, na hakuna aliyehitaji kuandika popote kwamba hapa ni uwanja, kwa kuwa nafasi ilikuwa tele. Leo sehemu kubwa ya rweya imepandwa misonobari na mikaratusi, nyingine imegawiwa kwa watu binafsi, nyingine imejengwa. Watu wameongezeka: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,458,023 mkoani Kagera, na ya mwaka 2022 ikahesabu 2,989,299. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu nusu milioni katika miaka kumi, juu ya ardhi ileile.

Tukumbuke na mvua. Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiwango cha juu kuliko sehemu nyingi za Tanzania. Uwanja wa udongo usio na mifereji unageuka tope Machi hadi Mei, yaani wiki zilezile ambazo timu zinajiandaa na UMISSETA. Kwa hiyo hata shule yenye uwanja inaweza kukaa nao bila kuutumia kwa siku nyingi.

Mawimbi manne ya ujenzi

Jiografia inaeleza nusu tu ya hadithi. Nusu ya pili ni jinsi sekondari zilivyojengwa.

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza mwaka 2004. Wakati huo Tanzania Bara ilikuwa na sekondari 1,291, za serikali zikiwa 828. Kufika mwaka 2010 jumla ilikuwa 4,266, na za serikali peke yake 3,397. Katika miaka sita, sekondari za serikali ziliongezeka zaidi ya mara nne. Hilo ndilo wimbi la shule za kata. Wananchi walitoa ardhi, wakachangia mawe, matofali na nguvu zao, na watoto waliokuwa wakibaki nyumbani baada ya darasa la saba wakapata kidato cha kwanza. Ni mafanikio ambayo hatupaswi kuyabeza. Ila shule zilijengwa kwa haraka. Mahali pengi kilichotafutwa ni mahali pa kuweka vyumba vichache vya kuanzia, na nafasi iliyobaki mbele ya madarasa ndiyo ikawa uwanja.

Wimbi la pili lilikuja baada ya Rais Jakaya Kikwete kuagiza, mwaka 2012, kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu: fizikia, kemia na baiolojia. Maabara hizo zilihitaji mahali pa kukaa.

Wimbi la tatu ni elimu bila malipo. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita wakaongezwa. Wanafunzi waliongezeka na vyumba vikawa havitoshi.

La nne ni la fedha za UVIKO-19. Mwishoni mwa mwaka 2021 Serikali ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 nchi nzima, 12,000 kati yake vikiwa vya sekondari, kwa ajili ya wanafunzi wa Januari 2022. Mwaka uliofuata vikaongezwa vingine 8,000. Muda wa ujenzi ulikuwa mfupi sana, wakuu wa shule na wakurugenzi walikuwa wanahesabiwa siku.

Jiweke kwenye nafasi ya mkuu wa shule. Fedha zimeingia, tarehe ya kukabidhi imepangwa, fundi yuko getini na tripu za mchanga zimeshamwagwa. Unajenga wapi? Upande mmoja ni bonde, upande wa pili ni kibanja cha jirani, nyuma ni vyoo. Panapobaki ni pale palipo wazi na tambarare. Ni uwanjani.

Hakuna aliyefanya ubaya hapo. Mkuu wa shule ameokoa fedha zisirudi, diwani amepata cha kuonyesha, mzazi amefurahi kwa sababu mwanawe hatasomea chini ya mti. Uwanja umekatwa, na hakuna kikao kilichowahi kukaa kuamua kwamba shule hii sasa haitakuwa na uwanja.

Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo halisemwi vya kutosha. Jengo la vyumba viwili vya madarasa halihitaji ekari nzima, linachukua sehemu ndogo tu ya uwanja. Likiwekwa pembeni, uwanja unabaki. Likiwekwa katikati au likikata kona, uwanja wote umekwisha, kwa sababu mpira wa miguu hauchezwi kwenye herufi L. Kwa hiyo shule nyingi zilichokosa ni mchoro wa kumwambia fundi asimame hapa na asivuke pale. Ardhi ya kutosha uwanja na madarasa mapya ilikuwepo.

Shule kongwe zina nini ambacho za kata hazina?

Linganisha na shule kongwe za serikali hapa kwetu, kama Ihungo, Kahororo, Rugambwa na Nyakato. Hizi ni shule za bweni zilizopewa maeneo makubwa tangu mwanzo. Ihungo ilianzishwa na wamisionari, na wamisionari walipopanga shule walipanga pamoja na uwanja, kwa kuwa mwanafunzi wa bweni lazima awe na mahali pa kuwa jioni.

Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9 na kuua watu wapatao 17, liliharibu vibaya majengo ya Ihungo na Nyakato. Ihungo ilijengwa upya, na Januari 2021 Rais John Magufuli akaifungua. Shule yenye eneo kubwa inaweza kubomolewa, ikajengwa upya, ikabaki na nafasi. Sekondari ya kata iliyobanwa kati ya barabara na migomba haina uwezo huo.

Tetemeko lile lina somo lingine. Lilipiga Jumamosi alasiri, saa tisa na nusu hivi, wanafunzi wengi wa kutwa wakiwa majumbani. Lingepiga siku ya masomo, mahali salama pa kukimbilia ni eneo la wazi, mbali na kuta na paa. Katika mkoa ambao umeshatikiswa mara moja, uwanja wa shule ni eneo la kuokolea maisha pia. Tunapozungumzia kuujenga, tuweke na hilo kwenye mizani.

Anayeumia ni nani?

Wa kwanza ni mwanafunzi wa kutwa. Masomo yakiisha saa tisa au saa kumi, na uwanja wa kuazima uko umbali wa kilomita mbili au tatu, timu inatumia sehemu kubwa ya jioni kutembea. Ikifika, inakuta wenyeji wako uwanjani. Inasubiri, inapata dakika 30, giza linaingia. Halafu mwanafunzi anaanza safari ya nyumbani.

Kwa msichana hesabu ni ngumu zaidi. Nyumbani anasubiriwa na ndoo ya maji na jiko, na mzazi hapendi atembee usiku. Shule ikiwa na kiwanja chake cha pete, atacheza nusu saa kisha aondoke mapema. Kiwanja kikiwa kata ya pili, mzazi atamkataza, na ana haki ya kuogopa. Ndiyo maana uwanja unapopotea timu ya wasichana ndiyo huwa ya kwanza kufa, hata kama mchezo wao ndio uliohitaji eneo dogo.

Wa tatu ni mwalimu wa michezo. Anatakiwa kupeleka timu kwenye mashindano ya kata, kisha halmashauri, mkoa na taifa. UMISSETA ya kitaifa imepita Mtwara, Tabora na Iringa miaka ya karibuni, na mikoa inatarajiwa kwenda na vikosi vilivyoandaliwa. Ukiwachagua wachezaji kutoka shule zenye viwanja pekee, umechagua kutoka kwenye kundi dogo. Kipaji kilichoko shule isiyo na uwanja hakionekani na mtu, na hakiandikwi popote kwamba kimepotea.

Wa nne ni mfumo wenyewe wa elimu. Michezo siyo tena jambo la baada ya vipindi tu. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeweka mkondo wa amali katika sekondari, na michezo ni mojawapo ya fani zake. Elimu ya michezo inafundishwa na inatahiniwa. Mtihani wa vitendo wa mpira hauwezi kufanyika kwenye korido.

Na wa tano, tuseme ukweli, ni mpira wa mkoa. Kaitaba, uwanja wa Manispaa wenye nyasi bandia zilizowekwa kwa msaada wa FIFA, ndio fahari yetu. Lakini mwisho wa msimu wa 2024/25 Kagera Sugar ilishuka kutoka Ligi Kuu. Sababu za timu kushuka ni nyingi na siwezi kuzibebesha shule. Ninachosema ni kwamba uwanja mmoja mzuri mjini hauzalishi wachezaji. Wachezaji wanazalishwa na viwanja vingi vya kawaida vinavyotumika kila jioni. Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa AFCON 2027, na viwanja vikubwa vinajengwa kwa ajili hiyo. Vile vidogo vya shule havina kamati ya maandalizi.

Jirani zetu wa Kenya walipitia nini?

Tarehe 19 Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi Lang'ata Road jijini Nairobi walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Wao na wanaharakati waliandamana kuusukuma ukuta ule. Polisi walirusha mabomu ya machozi, na picha za watoto wenye sare wakifuta macho zikazunguka dunia nzima. Serikali ya Kenya ilirudisha ardhi, shule ikapatiwa hati, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza shule zote za umma zipatiwe hati za ardhi zao. Sababu ilikuwa wazi: kama shule haina karatasi, yeyote mwenye karatasi anaweza kuja na ukuta.

Hali ya kwetu ina tofauti moja kubwa. Huko Lang'ata uwanja ulichukuliwa na mtu wa nje. Kwetu, mara nyingi uwanja unaliwa na shule yenyewe, kwa fedha za serikali, kwa nia njema. Hakuna ukuta wa kusukuma wala picha ya kuzunguka dunia. Uwanja unapungua jengo kwa jengo, na kila jengo linazinduliwa kwa makofi.

Pamoja na hayo, dawa ya Kenya inatufaa na sisi. Uwanja ambao haujaandikwa popote ni akiba ya ujenzi. Ukiandikwa, anayetaka kuujenga inabidi kwanza aombe.

Sheria inasemaje?

Kwa upande wa mjini, Sheria ya Mipangomiji Namba 8 ya mwaka 2007 ndiyo inayosimamia matumizi ya ardhi. Eneo likishapangwa kwa matumizi fulani kwenye mchoro ulioidhinishwa, kubadilisha matumizi yake kunahitaji kibali cha mamlaka ya upangaji. Kwa Kibeta na kata nyingine za mjini, mamlaka hiyo ni Halmashauri ya Manispaa ya Bukoba.

Vijijini, yaani sehemu kubwa ya Muleba na Bukoba Vijijini, tunaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Namba 6 ya mwaka 2007. Kijiji kinaweza kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi yake, kikatenga eneo la shule, la makaburi, la malisho na la michezo, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaopitisha.

Kwa michezo yenyewe, tuna Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa Namba 12 ya mwaka 1967 na Sera ya Maendeleo ya Michezo ya mwaka 1995. Kwa hiyo nguzo za kisheria zipo.

Pengo liko kwenye utekelezaji, na limegawanyika mara mbili. La kwanza, kuna shule ambazo maeneo yao hayajapimwa. Ardhi ilitolewa na ukoo au kijiji kwa maneno, wazee waliotoa wamefariki, na warithi wanapokuja kudai mpaka hakuna jiwe la kuonyesha. Uwanja, kwa kuwa hauna jengo, ndio wa kwanza kudaiwa. La pili, hata shule iliyopimwa, hati huonyesha eneo lote kama la elimu. Ndani ya eneo hilo hakuna kinachotofautisha darasa na uwanja, kwa hiyo anayejenga darasa uwanjani hajabadilisha matumizi ya ardhi machoni pa sheria. Hapa ndipo shule inahitaji mchoro wake wa ndani, unaoonyesha majengo ya sasa, majengo yajayo, na viwanja visivyoguswa.

Kwa nini 2028?

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025, imepunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba kuwa sita. Waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 ndio wa kwanza kumaliza kwa utaratibu mpya, wakiwa darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huohuo, waliowatangulia watakuwa wanamaliza darasa la saba kwa utaratibu wa zamani.

Maana yake ni kwamba Januari 2028 madarasa mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja, katika shule zilezile. Ujenzi mkubwa hauepukiki. Litakuwa wimbi la tano, na kwa mtazamo wangu ndilo litakaloamua. Shule ambazo viwanja vyake vilinusurika mawimbi manne zitajaribiwa tena, na zile zilizobaki na kipande zitapoteza hicho kipande.

Tofauti na mawimbi yaliyopita, hili tunaliona likija. Tarehe inajulikana, idadi ya watoto inajulikana shule kwa shule. Safari hii hakuna sababu ya kukimbizana na fundi getini.

Nini kinawezekana?

Yapo mambo manne ambayo hayahitaji muujiza.

Kwanza ni kuchora kabla ya kujenga. Halmashauri zina maofisa mipango miji na wapima. Wakizungukia sekondari na kuweka kwenye karatasi moja mipaka, majengo na viwanja, kila mradi wa 2027 utakuwa na mahali pake. Mchoro ubandikwe ofisini kwa mkuu wa shule ili akihama, anayekuja aukute.

Pili ni kujenga kwenda juu katika kata za mjini. Dar es Salaam tayari ina shule za serikali za ghorofa. Ni kweli ghorofa ni ghali kuliko jengo la chini, na baada ya tetemeko la 2016 Bukoba inahitaji ghorofa zilizosanifiwa na kusimamiwa ipasavyo. Lakini bei ya ghorofa ilinganishwe na bei ya kununua ardhi na kulipa fidia ya migomba na kahawa mjini. Tukilinganisha na jengo la chini peke yake, tunahesabu kana kwamba uwanja hauna thamani.

Tatu ni kuanza na viwanja vidogo. Ekari moja yenye pete, wavu, mikono na kikapu, yenye mifereji ya maji, itahudumia wanafunzi wengi kwa jioni moja kuliko uwanja wa mpira wenye bonde katikati. Shule ambayo haiwezi tena kupata ekari mbili isikae ikizililia.

Nne ni kuandikiana. Timu nyingi zinatumia viwanja vya kuazima kwa hisani ya mtu, na hisani huisha mtu akihamishwa. Sekondari, shule ya msingi, parokia, msikiti au serikali ya mtaa wanaweza kuwa na ratiba iliyosainiwa: Jumatatu na Jumatano ni ya fulani, wasichana saa kumi hadi saa kumi na moja, gharama za kufyeka zinagawanywa hivi. Si jambo la kitaalamu, ni karatasi moja.

Maswali ya kwenda nayo kikaoni

Ndugu msomaji, kama wewe ni mzazi, mjumbe wa bodi ya shule, mwenyekiti wa mtaa au mjumbe wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, haya ndiyo maswali ya kuuliza kwenye kikao kijacho:

1. Eneo la sekondari yetu limepimwa, na mawe ya mipaka yako wapi?
2. Shule ina hati, na nani anaitunza?
3. Kuna mchoro unaoonyesha viwanja vya michezo na majengo yajayo?
4. Januari 2028 tunatarajia wanafunzi wangapi wa kidato cha kwanza, na vyumba vyao vitajengwa upande gani?
5. Wasichana wetu wanacheza wapi, na wanafika nyumbani saa ngapi?

Mkuu wa shule akijibu yote matano, mpongezeni, maana anastahili. Akikosa majibu, msimlaumu, mengi alirithi. Ombeni yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na mpangeni tarehe ya kurudi kuyauliza tena. Itafaa tarehe hiyo iwe kabla tripu ya kwanza ya mchanga haijaingia getini.